Kichupa cha Pili

Mwalimu wa Kemia hakuwahi kusema "nadhani" mbele yangu, na tulikaa ukuta kwa ukuta kwa miaka mingi kuliko ninayopenda kuihesabu. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, alitazama juu, akatazama chini, akasema, "Sijapima." Ukimwuliza kama chumvi imetosha kwenye mboga aliyoipika mwenyewe, alionja upya kabla ya kujibu. Wanafunzi wa sekondari yetu pale Bariadi walimpa jina la Madam Sijapima. Alilijua na halikumkera. Alisema tu kwamba lina ukweli kuliko lile walilompa mkuu wa shule, ambalo sitaliandika hapa.

Mimi nafundisha Jiografia. Nalisema hili mapema ili msomaji asinitegemee mno. Yote ninayoyajua kuhusu kazi yake aliniambia yeye mwenyewe, kwa maneno ambayo mtu hutumia akimweleza mwalimu wa Jiografia.

Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi ng'ambo, katika maabara ya chuo kikuu kimoja kwenye mji wa baridi. Kazi yake ilikuwa kubuni molekuli za kutambua hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haina ladha. "Ingekuwa na harufu, nisingepata kazi," alisema. Basi yeye na wenzake walitengeneza rangi inayong'aa kijani ukiimulika kwa mwanga fulani, kisha wakaifunga isiweze kung'aa. Nilipokunja uso aliingia nyumbani kwake, akatoka na tochi na sufuria, akaiwasha tochi na kuifunika.

"Taa inawaka?"

"Inawaka, ila siioni."

"Hiyo ndiyo molekuli yangu. Sasa pembeni yake naweka chumvi ya madini yanayoitwa paladiamu. Hewa ile ikifika, inaiamsha chumvi, na chumvi inaondoa sufuria." Akaifunua tochi usoni pangu. "Umeona?"

Niliona, na macho yaliniuma mpaka nikaingia ndani. Lakini tangu siku hiyo sijasahau.

Nilikuwa nikidhani kwamba alikuwa akitafuta sumu. Akanisahihisha. Sumu ni pale hewa hiyo inapokuwa nyingi. Wao walikuwa wakitafuta ile kidogo sana ambayo mwili hujitengenezea wenyewe unapoivunja damu iliyochakaa, kidogo ambayo inaonekana ina kazi yake humo ndani, na watu bado wanabishana ni kazi gani. Walitaka kuiona ikitokea ndani ya seli iliyo hai, chini ya hadubini, kama nukta ya kijani.

"Hata wewe unaitengeneza sasa hivi," aliniambia, "hapo hapo ulipokaa."

Nikasimama. Ni mojawapo ya mara chache nilizomwona akicheka mpaka akashika ubavu.

Koti lake jeupe la maabara lilikuwa na tundu la tindikali karibu na mfuko, na tundu hilo alikuwa amelishona kwa uzi mwekundu, wakati duka la nyuzi lilikuwa hatua chache kutoka getini. Nilimwuliza kwa nini hakununua uzi mweupe. Akasema anataka kukumbuka lilipo. Maabara yenyewe ilikuwa na meza mbili nzuri, bomba moja linalotoa maji kwa kujisikia, na kabati ambalo funguo zake zilipotea kabla hatujaajiriwa sote wawili. Humo alifundisha kizazi baada ya kizazi cha watoto wa wakulima wa pamba, na kila jaribio, hata la kupima ugumu wa maji ya kisima, alilifanya kwa vichupa viwili. Kimoja kilitiwa kitu kinachopimwa. Cha pili kilitiwa kila kitu isipokuwa hicho.

Cha pili ndicho kilichokuwa dini yake. Alisema kichupa cha kwanza kinaweza kukudanganya mchana kweupe. Kikigeuka bluu, hujui kama ni kwa sababu ya kitu ulichotia au ni kwa sababu kingegeuka bluu tu hata ungekiacha. Kwa hiyo kabla ya kushangilia unakwenda kutazama cha pili. Mwanafunzi aliyekimbia kwake na jibu alikutana na swali moja: "Na cha pili kinasemaje?" Wengine walirudi mezani wakiburuta miguu.

Swali hilo alilibeba kila mahali. Kwenye kikao cha walimu mkuu wa shule alisema kidato cha nne wameanguka Hisabati kwa sababu ya kuchezea simu. Mwalimu wa Kemia akanyoosha mkono na kuuliza wale wasio na simu walipata nini. Hakuna aliyejua. Kikao kikaahirishwa kwa hasira, na chai ikapoa.

Na mimi alinipata. Kuna kipindi nilikuwa nalalamika kwamba muuza maziwa wetu anatia maji. Nilikuwa na uhakika, maziwa yalikuwa mepesi hata chai ilikataa kubadilika rangi. Mwalimu wa Kemia alinisikiliza, kisha asubuhi akasimama nami getini, akachota maziwa kikombe kimoja moja kwa moja kutoka kwenye dumu la yule kijana, akakiweka dirishani kwake. Kingine akaomba kutoka kwenye sufuria yangu. Jioni kikombe cha dumu kilikuwa na utandu mzito wa mafuta. Changu kilikuwa na aibu tu. Ikabainika kwamba mke wangu ndiye aliyekuwa akiongeza maji ili watoto wote wapate. Mke wangu hakumsalimia kwa muda mrefu, na hakunisalimia mimi pia.

Asije mtu akadhani alikuwa mtakatifu wa ushahidi. Alipanda bodaboda bila kofia, dereva akikimbiza kama anafukuzwa. Aliogopa bata. Na watoto wangu wakipiga mluzi jua likizama, aligonga ukuta kwa mwiko wanyamaze, maana mluzi wa jioni huita nyoka.

"Umepima?" nilimwuliza siku moja kupitia ukuta, nikifurahi sana.

"Nani ana hamu ya kulipima hilo?" akajibu.

Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, akaimba kwa sauti kubwa isiyofuata mtu. Chakula alipikia nje, mvua inyeshe isinyeshe, na wakati wa masika aliufunga mwavuli kwenye mti uliosimikwa kando ya jiko. Wapita njia walimcheka. Jiko la mkaa halikuwahi kuvuka kizingiti chake, hata likiwa limezimika.

Kufariji hakujui. Baba yangu alipofariki kule Ipililo, watu walisema yote yanayosemwa: amepumzika, kazi ya Mungu, jikaze. Yeye hakusema neno. Alifika na basi la kwanza, akavua viatu, akakaa mbele ya rundo la masufuria makubwa ya msibani na kuanza kuyasugua kwa majivu, na aliendelea kuyasugua mpaka matanga yakaisha. Nilimpenda sana kwa jambo hilo. Sikumwambia, angeniuliza nimejuaje.

Ng'ambo alikosea mara moja kwa fahari, na kisa hicho alipenda kukisimulia kuliko ushindi wake. Molekuli yake ya kwanza iliwaka vizuri mno. Mkubwa wao alifurahi, keki ikaletwa maabara, watu wakapiga makofi. Yeye, kipande cha keki mkononi, akakumbuka kwenda kukitazama kichupa cha pili, kile kisichotiwa ile hewa. Nacho kilikuwa kinawaka. Molekuli ilikuwa inawaka kwa kila kitu, hata kwa kuachwa tu mezani.

"Ukafanyaje?"

"Nikamaliza keki kwanza. Ilikuwa nzuri." Kisha akasema kwa uso mkavu, "Taa inayowaka bure ni mbaya kuliko isiyowaka kabisa. Isiyowaka unaitupa. Inayowaka bure unaiamini."

Alirudi nyumbani kumuuguza mama yake. Mama alipofariki, hakuondoka tena, ingawa kila mwaka alisema yupo likizo. Alikuwa amerudi na vichupa viwili vidogo, vimefungwa ndani ya soksi: kimoja cha rangi yake iliyofungwa, kingine cha chumvi ya paladiamu. Vilikaa kwenye jokofu lake dogo kando ya siagi. Kilichomo kilitosha jaribio moja zuri, alisema, na jaribio hilo alikuwa amelipangia kazi. Mwanza kulikuwa na maabara yenye hadubini ya kuonea seli hai. Aliomba nafasi, akasubiri, akaomba tena. Alitaka kuiona ile nukta ya kijani mara moja kwa macho yake hapa kwetu, basi. Nilipomtania kwamba siagi itaisha kabla ya zamu yake kufika, hakucheka.

Mlinzi wa shule yetu alitoka Nkololo. Mkewe alipojifungua mtoto wa kwanza, alipelekwa huko kwa mama mkwe akalelewe uzazi, kama ilivyo kawaida. Zilikuwa siku za mvua na baridi. Mzazi na mtoto walihitaji joto, na bibi akafanya walivyofanya wote kabla yake: akawasha jiko uani, akasubiri moshi uishe kabisa na mkaa ushike mwekundu, ndipo akaliingiza chumbani. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa magunia kuzuia upepo. Yeye akaenda kulala chumba chake. Asubuhi mtoto alikuwa amekufa na mzazi alikuwa hajitambui.

Mzazi alipona. Hospitali walisema ni hewa ya mkaa. Lakini ndugu zake walipolisikia hilo walilikataa, na hoja yao haikuwa ya kijinga. Mkaa umewashwa vyumbani tangu enzi na enzi, mbona haukuua? Na moshi gani, wakati moshi ulikuwa umekwisha uani? Mtu pekee aliyeingia chumba kile alikuwa mama mkwe. Ni mzee, ni mjane, na macho yake ni mekundu kwa kukaa jikoni maisha yake yote. Kwetu macho hayo huitwa ya mchawi, sihitaji kueleza zaidi. Wazee wanawake wameuawa kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Mjomba wa mzazi alikuwa amekwishasema mbele za watu kwamba yule bibi aondoke kijijini kabla hajaondolewa, na kikao cha kijiji kilikuwa kimeitwa.

Mlinzi alikuja kwa Mwalimu wa Kemia, nami nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda chake nikimenya karanga.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Pole sana na msiba."

"Madam, wanasema wewe ndiye wa hewa hiyo. Njoo uwaambie. Wewe watakusikia."

Alitazama juu, akatazama chini. Kisha akasema nilichojua atasema. "Sikuwepo, baba. Sijapima. Siwezi kusema kilichomuua mtoto ambaye sikumwona."

Mlinzi akaitikia kwa kichwa, akashukuru kwa adabu, akaenda zake. Mimi nilikasirika mpaka karanga zikamwagika. Nilimwambia kwamba kuna wakati wa kupima na wakati wa kuwa mtu. Niliingia kwangu nikaubamiza mlango.

Asubuhi alikuwa getini kwangu na kikapu. Ndani kulikuwa na ile soksi.

"Kuna wakala wa fedha pale stendi ana tochi ya kukagulia noti," alisema. "Ile yenye mwanga wa zambarau. Kaniazimie. Wewe anakuamini, mimi nilimwambia hesabu zake zina makosa."

Nilitazama soksi. "Na Mwanza?"

"Kaniazimie tochi," akasema.

Nyumba ya bibi kule Nkololo ilikuwa ya tofali za kuchoma na bati, yenye vyumba viwili vya kulala vinavyotazamana, vyenye ukubwa mmoja na madirisha madogo. Bibi mwenyewe alikuwa amekaa chini ukutani, miguu ameinyoosha, hatazami mtu. Mwalimu wa Kemia alimwendea kwanza, akapiga goti kidogo, akamwamkia kwa Kisukuma kama mtoto kwa mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanone," bibi akajibu, akimwita mwanangu, taratibu, na nikatambua kwamba ilikuwa muda mrefu hajasalimiwa.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, kikao kikiwa kimehamishiwa pale, na mjomba, na watu wengi kuliko uwanja ulivyoweza kubeba. Mwalimu wa Kemia aliomba kila kitu kifanyike kama siku ile: jiko lile lile, mkaa wa gunia lile lile, magunia dirishani. Akamwomba bibi mwenyewe awashe, asubiri moshi uishe, aliingize. Kisha akasema anahitaji chumba cha pili, kilichozibwa vile vile ila kisiwe na jiko. Kilichokuwepo ni cha bibi. Alichanganya vyote vilivyokuwa kwenye soksi katika glasi mbili za chai, akaweka moja kila chumba, milango ikafungwa, akakataza mtu yeyote asiingie.

Tukasubiri. Mjomba akapita mbele yetu akisema kwa sauti kwamba hajaona hospitali ya glasi za chai. Watu wakacheka. Mwalimu wa Kemia alikuwa amekaa, mikono magotini, na niliona ameishika sketi yake kwa nguvu.

Wakati ulipofika alivuta pumzi nje, akaibana, akaingia upesi na kutoka na glasi ya kwanza. Akafungua milango na dirisha hewa ipite, akaleta na ya pili. Tukajazana sebuleni, ambako mchana kulikuwa na giza la kutosha, na mlinzi akawasha tochi ya noti.

Glasi ya kwanza iling'aa kijani, kijani cha mpunga mchanga, toka chini hadi juu. Mtu akapiga kelele nyuma yangu. Glasi ya pili ilikuwa maji tu.

Mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Mwingine akasema kwa sauti, "Taa imemsafisha! Bibi si mchawi, taa imesema!" Nami nikamwona Mwalimu wa Kemia akigeuka, nikajua, nikamvuta khanga. Hakujali.

"Taa haijasema hivyo," alisema. "Taa haimjui bibi. Inajua kitu kimoja tu. Imesema mkaa ukiwa mwekundu, bila moshi wowote, unajaza chumba hewa inayoua, na mtu hawezi kuinusa. Basi."

Mjomba alikuwa mtu mwepesi wa akili, nampa haki yake. "Basi sawa," akasema polepole. "Ni mkaa. Na mkaa aliuingiza nani?"

Watu wote wakageuka. Bibi alikuwa mlangoni, ameshika mwimo. Alifungua kinywa, na nikajua anataka kusema "ni mimi", maana ndivyo alivyokuwa akijiambia tangu siku ile, lilionekana usoni. Mwalimu wa Kemia akatangulia.

"Hana kosa," alisema.

Nilisubiri aongeze kitu. Nilimjua, nilijua atasema "kwa kadiri ninavyoweza kupima" au "kwa hili tulilolijaribu." Hakuongeza. Alisimama pale na glasi mbili mikononi, akarudia kwa Kisukuma ili asiwepo wa kusema hakuelewa, kisha akatoka nje akaketi juani. Ni sentensi pekee niliyowahi kumsikia akiitoa bila kichupa cha pili.

Mwenyekiti akafunga kikao. Hakuna aliyeondolewa kijijini.

Yaliyofuata yalimwudhi. Habari ilifika Bariadi kabla yetu, na ilifika imebadilika: kuna mama ana maji yanayowaka penye uovu. Mtu alikuja na picha ya ng'ombe wake walioibwa. Mwingine alitaka glasi iwekwe chumbani kwa mkewe. Wote aliwajibu mlangoni kwamba maji yamekwisha na hata yasingekwisha hayajui mambo ya ng'ombe wala ya wake. Waliondoka wakiwa wameridhika kwamba ni mganga mkali, maana mganga mwepesi angepokea hela.

Zamu yake ya Mwanza ilikuja mwaka uleule. Aliwapigia simu kuwaambia kwamba haji, wampe mwingine. Nilimsikia kupitia ukuta. Baadaye nilimwuliza kama inauma, nikitarajia sijapima.

"Inauma," alisema. Akaendelea kukatakata mchicha.

Alistaafu, akahamia kwa mdogo wake Nyashimo. Sikumwona kwa muda. Mwaka huu, msimu wa baridi ulipoanza, nilikuwa na safari ya Mwanza nikashuka njiani kumsalimu. Alikuwa nje kando ya jiko lake, amekonda, mtoto wa jicho amemwingia macho yote mawili. Alinitambua kwa kikohozi. Aliniambia wamempangia upasuaji, na kwamba kwa sasa hata tochi ya noti isingemfaa kitu. Nilijisikia vibaya nikatafuta habari njema haraka. Nikamwambia mlinzi amepata mtoto mwingine. Mkewe yuko Nkololo kwa bibi, wote wazima, na jiko sasa linakaa nje, dirisha liko wazi.

"Umeona?"

"Mlinzi kaniambia."

"Mlinzi analala getini Bariadi," alisema. "Nenda kaone."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Basi Jumamosi nikachukua pikipiki mpaka Nkololo asubuhi, kwa baridi iliyonifanya nijilaumu njia nzima. Nilimkuta mzazi amekaa mlangoni anamnyonyesha mtoto, mtoto mnene ajabu, mwenye hasira. Jiko lilikuwa uani. Nikaomba ruhusa nikachungulia chumbani: dirisha wazi, upepo unapita, blanketi mbili nzito kitandani. Bibi alitoka kunilaki, amezeeka, macho mekundu vile vile.

"Mwangaluka, mayu. Hamjambo?"

"Hatujambo, ng'wanone. Wabeja, asante kwa kuja. Kichwa tu kinanisumbua asubuhi, na tumbo kuchafuka. Uzee."

Nikampigia simu Mwalimu wa Kemia palepale, nikiwa na furaha ya mtoto aliyemaliza kazi ya nyumbani. Nikamwambia nimeona kwa macho yangu, chumba kiko wazi, jiko liko nje.

"Na cha pili?" akauliza.

"Madam, leo hakuna vichupa."

"Chumba cha pili, mwalimu."

Nikavuka upande wa pili, nikasukuma mlango wa chumba cha bibi. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa magunia, yamekandamizwa vizuri kila kona. Chini ya kitanda kulikuwa na jiko dogo. Nikaweka mkono juu ya majivu. Yalikuwa bado ya moto.

Bibi alikuwa amenifuata. Hakuona haya. Alikuwa mtu anayeeleza jambo linalojulikana na wote.

"Humu halina neno," alisema. "Hamkumbuki? Taa ilikataa kuwaka humu. Yule mwalimu mwenyewe aliweka glasi yake hapo, kwenye kile kigoda, na maji yakabaki maji. Kile chumba ndicho kibaya. Changu kilionekana kizima, na watu wote walishuhudia. Basi mimi baridi ikizidi nalala na jiko langu."

Simu ilikuwa bado sikioni. Sikuhitaji kumrudia Mwalimu wa Kemia maneno hayo, aliyasikia. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuizoea, "Mpe simu."

Bibi aliishika kwa mikono miwili. Sikusikia upande wa pili, nilisikia wa kwetu tu: "Ee." Kisha, "Ee, mayu." Kisha bibi akatazama kile kigoda, akatazama kitanda, akakaa juu yake kama mtu aliyeambiwa kwamba amepita juu ya shimo gizani. "Ee," alisema tena. Aliponirudishia simu, ilikuwa imekatwa.

"Amesemaje?"

"Anasema siku ile chumba changu hakikuulizwa." Alijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Kilikuwa hakina mkaa. Kingejibu nini?"

Akainama, akalivuta jiko kutoka chini ya kitanda, akalibeba mwenyewe mpaka uani. Mimi nikabaki ndani, nikaanza kuchomoa magunia dirishani.